Mwimbishaji wa Watoto

"Mbukwenyi!" mzee aliwasalimu kwa Kigogo. Watoto wakamjibu kwa mkupuo, kisha akanyamaza. Tulikuwa Chamwino, mkoani Dodoma, chini ya mwarobaini wa shule ya awali, ilimba, ile ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole, imetulia mapajani mwake. Mtoto mmoja akacheka, mwingine akasogea ajaribu kugusa vyuma. Ndipo vidole gumba vikaanza kazi, kwa sauti ya chini, na ule mvumo wa utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la kisanduku ukatanda.

Akaimba mstari mmoja, mfupi kiasi cha pumzi ya mtoto. Hakusema "rudieni". Aliuimba tena akakatisha kabla ya neno la mwisho, na watoto wakalijaza wenyewe. Mara ya tatu akakatisha mapema zaidi. Kulikuwa na binti mdogo nyuma kabisa ambaye alichelewa kila mara, na kila mara mzee alizungusha vidole palepale mpaka binti amalize, bila kumtazama, asije akaona haya. Baada ya muda nikasikia sauti ya pili imejitenga chini ya ile ya kwanza, kama waimbavyo watu wazima wa Ugogo. Hakuna aliyewapangia sauti. Kumsubiri yule aliyechelewa huku wimbo haupoi ni ufundi wa miaka, na wengi wanaojiita wasanii hawauwezi.

Ufundi huo ulikuwa na shule yake nyumbani. Hukwe Zawose, aliyezaliwa 1938, aliupata muziki kwa baba yake. Baadaye Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, akafundisha Bagamoyo, na hadi alipofariki 2003 dunia ilikuwa imeisikia ilimba ya Ugogo. Mabinti nao walisimama nyuma ya mama zao kwenye muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wakipiga madebe hadi mapaja yao yalipoweza kubana ngoma. Dk. Kedmon Mapana, Mgogo na msomi wa muziki, ameandika jinsi malezi hayo yanavyokatika mtoto akishavuka mlango wa darasa.

Na siku hizi kinachojaza pengo hilo ni nini? Nenda kwenye mahafali ya chekechea yoyote mjini Dodoma. Spika mbili, nyimbo za mapenzi za wakubwa, na mtoto wa miaka sita anashangiliwa kwa kukata mauno. Wanaotunga kwa heshima wapo: watunzi wa kipindi cha televisheni cha Ubongo Kids, tangu 2014, wameonyesha kuwa wimbo wa mtoto wa Kiswahili unaweza kufikiriwa vizuri, na nawashukuru. Lakini televisheni haimsubiri binti wa nyuma.

Linaloniuma zaidi ni malipo. Tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, mwimbishaji huitwa asubuhi atulize watoto juani mpaka mgeni rasmi afike. Mgeni akifika, ilimba hunyamazishwa ili hotuba zianze. Jioni anapewa soda na nauli. Wapiga ngoma wa harusi hupatana bei kabla ya kutoka nyumbani. Anayewaimbia watoto huambiwa anajitolea, kana kwamba mtoto si hadhira. Kwa mapato hayo nani atakaa na mzee miaka kumi ajifunze kusubiri?

Tamasha la Chamwino lililoanza 2009 limeupa muziki wa Wagogo jukwaa, na ni jambo jema sana. Ila jukwaa la mwaka mara moja halimlishi mtu. Mjukuu aliyekuwa akimbebea mzee ilimba, kijana mwenye sikio jepesi kuliko la babu yake, sasa anaendesha bodaboda Buigiri. Nilimuuliza mzee kama humkanya. "Nimkanye nini, mwanangu? Ana mke." Shule ile ile ilikuwa imeshachangisha wazazi fedha za spika mpya.