Jamani, Maabara ya Kemia ya Wahandisi Ni Moto!

Ndugu yangu, acha unachofanya unisikilize! Nimetoka sasa hivi kwenye maabara ya kemia ya wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza, koti jeupe hata sijalivua, moyo bado unanidunda. Wanaosema kemia haimhusu mhandisi waje washike wenyewe. Tena waje mbio!

Anza na msumari. Ndiyo, msumari huu huu wa dukani! Unaukunja kidogo, unaulaza kwenye kisahani cha kioo, unaumwagia jeli ya agari yenye uvuguvugu iliyotiwa fenolfthalini na potasiamu ferisianidi, kisha unasubiri. Mwanzoni huoni kitu. Mara, weee! Kichwani mwa msumari inachipuka buluu, nzito, iliyokolea, halafu kwenye ncha, halafu pale pale ulipoukunja! Huku kiwiliwili kinavaa rangi ya waridi, laini, nzuri ajabu. Penye buluu ndipo chuma kinapoliwa. Penye waridi ndipo oksijeni inapopokea elektroni. Yaani unaiona kutu ikichagua mahali pa kuuma, na inachagua palipogongwa na kukunjwa! Nondo, daraja, bomba, hutavitazama tena kwa macho yale ya jana.

Na bado! Msumari wa pili umefungwa ukanda wa zinki: buluu hakuna, hata chembe! Zinki imekubali kuliwa ili chuma kipone. Kumbe ndiyo kazi inayofanya kwenye mabati ya paa zetu! Na ule uliozungushiwa waya wa shaba? Lo, buluu tele, umeliwa vibaya kuliko hata ulioachwa peke yake!

Sasa njoo kwenye maji ya kisima, yale magumu yanayogoma kutoa povu na kuacha magamba ndani ya birika. Unatia kiashiria, yanakuwa mekundu kama divai. Mkono mmoja kwenye koki ya bureti, mwingine unazungusha flaski, kemikali iitwayo EDTA inadondoka: tone, tone, tone. Vidole vinajifunza utulivu ambao hukujua unao. Zambarau inanyemelea, unabana pumzi, tone moja tena tu, na flaski nzima, paa, buluu safi! Umekamata kalsiamu na magnesiamu zote, zile zile zinazoziba mabomba ya boila kiwandani.

Na bado, bado kabisa! Kuna nailoni! Vimiminika viwili vimetulia, kimoja juu ya kingine, na mpakani mwao umetanda utando mweupe, mwembamba. Unaudaka katikati kwa kibanio, unavuta polepole, na uzi unatoka! Unavuta, unatoka, mrefu, mbichi, unang'aa, unauzungushia kijiti cha kioo na bado unakuja, maana kila utando unaoondoka, mwingine unazaliwa papo hapo! Ndiyo nailoni ambayo Wallace Carothers na wenzake walitengeneza kwenye kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1935, na leo imo kwenye nyavu za wavuvi wetu.

Nenda, tafadhali nenda! Vaa miwani ya kinga, vaa glovu, funga viatu vizuri. Na mkifika mezani, usikubali kabisa kupewa daftari uandike matokeo ya wenzako. Omba ushike bureti wewe!