Waliohukumu bila kuonja



Katika Uingereza mna mashindano ya kuoka mikate na keki ambayo watu huyatazama katika televizyo kila mwaka tangu 2010. Jina lake ni The Great British Bake Off. Washindani wake si wapishi wa kazi. Ni mama wa nyumbani, mwanafunzi, injinia, au mzee aliyekwisha kuacha kazi. Huingia chini ya hema kubwa jeupe lililosimamishwa bustanini, kila mmoja na meza yake na tanuru yake, na karibu kila juma mmoja wao hutolewa. Yule anayebaki mwisho hapati hata senti moja: hupewa maua na kinara cha kioo cha kuwekea keki. Na kwa ajili ya kinara hicho watu wazima hulia machozi kabisa.

Keki zenyewe sitaziandika leo, maana mimi sikuzionja wala ninyi hamkuzionja. Nataka kuwatazama wale watazamaji, walio mamilioni, namna wanavyokasirika, wanavyopenda na wanavyohukumu. Hapo pana jambo la kufikiri kuliko katika unga na siagi.

Yafaa kwanza mjue kazi ya hema lile. Kila juma kuna majaribu matatu. Katika la kwanza kila mtu huoka kitu alichokizoea nyumbani kwake. Katika la pili wote hupewa maagizo yale yale, tena yamefupishwa mno, hata pengine karatasi husema tu "oka", pasipo kutaja moto kiasi gani wala dakika ngapi. La tatu ni kazi kubwa ya kushangaza macho. Mimi lanipendeza lile la pili. Waamuzi hutolewa hemani wakati wa kuoka. Wakirudi, wakuta kazi zote zimepangwa juu ya meza moja ndefu, kila moja nyuma ya picha ya mwenyewe, na picha hizo zimewapa waamuzi mgongo. Basi waonja hii, waonja ile, wasijue ni ya nani. Keki ya bibi anayependwa na wote yaweza kuwa ya mwisho, na ya mtu asiyesemwa na yeyote yaweza kuwa ya kwanza.

Sasa mwangalieni mtazamaji aliyeketi nyumbani. Yeye ni kinyume chake kabisa. Anazijua nyuso zote, anajua nani ana watoto watatu, nani hutetemeka mikono, nani alicheka mwenzake alipoangusha sahani. Asichokijua ni kitu kimoja tu, nacho ni ladha. Mwamuzi aonja asione uso. Mtazamaji aona uso asionje. Na mtu asiye na kitu cha kuonja, tena anataka sana kuamua, ataamua nini? Ataamua watu.

Mfano uliosemwa kuliko yote ni ule wa tarehe 27 Agosti 2014. Juma lile washindani walipewa kutengeneza keki iitwayo Alaska. Chini huwekwa keki laini. Juu yake hulazwa barafu ya maziwa. Kisha vyote hufunikwa kwa ute wa mayai uliopigwa pamoja na sukari mpaka ukawa povu zito jeupe. Ndipo hutiwa katika tanuru yenye moto mkali. Msidhani nafanya mzaha! Povu lile lina hewa tele ndani yake, na hewa hiyo huzuia joto lisipite upesi. Nje hugeuka rangi ya kahawia, na ndani barafu yabaki barafu. Lakini ni kwa dakika chache tu, na sharti barafu iwe imeganda ngumu kabla ya kufunikwa. Siku ile palikuwa joto hemani, na barafu ya washindani wengi ilikuwa laini.

Kati yao alikuwamo Iain, injinia kijana mwenye ndevu, mtu wa Ireland ya Kaskazini. Alikuwamo pia Diana, bibi wa miaka 69, mkubwa kuliko wote kwa umri, mtu aliyezoea mwenyewe kuamua keki katika mashindano ya chama cha wanawake. Picha zikaonyesha hivi: Diana ameitoa barafu ya Iain katika firigo, nayo imekaa nje. Iain arudi, aondoa chombo, barafu yamwagika kama uji. Iain akashikwa na hasira, akaitupa keki nzima katika pipa la takataka, akatoka hemani. Saa ya kuamua ilipofika akarudi, akaja mbele ya waamuzi Paul Hollywood na Mary Berry, mkononi amebeba lile pipa. Waamuzi hawakuwa na kitu cha kuonja. Iain akatolewa.

Basi nchi nzima ikawaka! Usiku ule ule watu walijaza Twitter wakidai haki kwa Iain. BBC, wenye kuonyesha mashindano wakati ule, walipokea malalamiko zaidi ya 800. Magazeti yakaandika habari ya pipa lile kana kwamba ni habari ya bunge, na hata Newsnight, kipindi cha usiku ambacho kwa kawaida huzungumza vita na uchaguzi, kikamwita Iain aje kuulizwa. Diana akaitwa mwovu na watu ambao hawakupata kumwona hata siku moja. Bibi wa umri wa nyanya yao, aliyekuja kuoka keki!

Walipoulizwa, BBC walijibu kwamba barafu ya Iain ilikaa nje muda usiofika dakika moja, na kwamba Diana siye aliyesababisha Iain kutolewa. Sue Perkins, mmoja wa wanawake wawili waliokuwa wakiongoza kipindi, alisema zilikuwa kama sekunde arobaini. Diana naye alisema katika redio kwamba picha zilimfanya aonekane mtu asiye yeye. Na Iain mwenyewe, mwenye shauri, hakumshtaki. Aliwaambia watu kwamba hakuona nia mbaya kwake. Mlalamikaji ameacha shauri, na baraza bado lapiga kelele!

Labda mtaniuliza: watu hao wote walikuwa wajinga? Hapana, nami sipendi kusema hivyo. Walikasirika kwa sababu wanapenda haki, na kupenda haki si kosa. Tena macho yao hayakuwadanganya: kila picha waliyoiona ilikuwa ya kweli. Diana aliitoa barafu kweli, barafu iliyeyuka kweli, pipa lilikuwa pipa kweli. Lakini nani aliyewaambia kwamba jambo la kwanza lilizaa jambo la pili? Hakuna aliyesema kwa mdomo. Mkasi ndio uliosema. Juma moja la mashindano hupigwa picha kwa siku mbili nzima, halafu siku hizo mbili hukatwa na kuungwa mpaka zitoshe katika saa moja. Ukiweka picha ya mkono wa Diana, na mara baada yake picha ya barafu inayomwagika, hukusema uongo hata neno moja, lakini umeshitaki mtu. Na zile sekunde arobaini, ambazo kwa saa ya ukutani ni kama pumzi chache, katika kichwa cha mtazamaji zaweza kuwa nusu saa.

Hapa ndipo naona kosa la watazamaji, wala si mahali watu wengi wanapoliona. Nyumbani mwao mliletwa chakula kimoja, nacho si Alaska. Ni ile saa moja ya picha. Hicho waliweza kukionja vizuri kuliko mtu yeyote, hata kuliko Paul Hollywood. Wangaliuliza: kwa nini mmeunga picha hivi? Kwa nini hamkutuonyesha saa? Yeyote aliyeandika kwa BBC kuuliza hivyo alikuwa mwamuzi wa kweli, nami namwondolea kofia. Lakini wengi waliacha chakula kilichokuwa mbele yao, wakaenda kukihukumu kile kilichokuwa mbali, ndani ya pipa.

Na juu ya Iain? Mimi naona waamuzi walisema sawa. Uji wa barafu juu ya keki ni kazi mbaya, lakini ni kazi, yaonjwa. Pipa haliwezi kuonjwa. Mwaka uliofuata, 2015, Nadiya Hussain alipatwa na jambo lililo karibu na hilo. Katika juma la maandazi ya siagi vikombe vyake vya unga vilimshinda kwa wakati, akavileta mbele visivyo tayari, na vya kujazia kando, huku amevunjika moyo. Waamuzi wakaonja kilichokuwapo. Hakutolewa. Majuma machache baadaye, tarehe 7 Oktoba 2015, alishinda mashindano yote, na watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wakitazama.

Huyo Nadiya naye yafaa tumtazame kidogo, maana watazamaji walimpenda sana, na katika upendo mwaonekana kosa lile lile. Yeye ni binti wa wazazi waliotoka Bangladesh, amezaliwa Luton, Mwislamu afunikaye kichwa. Watu walipenda uso wake: nyusi zake, mashaka yake, furaha yake isiyojua kujificha. Wengine wakaandika kwamba ameshinda kwa sababu ya dini yake na asili yake, yaani waamuzi walitaka kuwapendeza watu fulani. Hao hawakuonja. Na wale waliojibu kwamba amestahili kabisa, hao walionja? Nao hawakuonja. Pande mbili ziligombana juu ya keki ambayo hakuna upande uliotia kipande chake mdomoni. Mimi nilifurahi aliposhinda; lakini nikijiuliza kwa unyofu nilifurahia nini, sharti nikiri kwamba nilifurahia ule uso.

Mwaka 2013 ilikuwa vibaya zaidi. Katika fainali walibaki wanawake watatu, Frances, Kimberley na Ruby. Ruby alikuwa mwanafunzi, kijana, mwenye kujidharau na kulia upesi. Watazamaji wakachoka na machozi yake, wengine wakasema anamtega Paul Hollywood ili asitolewe. Mpishi mkubwa Mfaransa, Raymond Blanc, naye akaandika kwa dharau juu ya machozi ya wanawake hao. Mashindano yalipokwisha, Ruby aliandika makala katika gazeti la Guardian, akajibu chuki ile pasipo kulia hata kidogo. Makala yale ni mazuri, tena makali. Aliyeshinda mwaka ule ni Frances, na kama Ruby alikuwa na hila ya kutega mwamuzi, basi hila hiyo haikumfaa kitu.

Mwaka huo huo wa 2013 lilitokea jambo dogo ambalo watu wengi walilicheka tu. Mshindani mmoja, Deborah, alichukua kwa makosa krema ya mayai ya mwenzake Howard akaitia katika chakula chake. Watu wakafanya utani, wakasahau. Kwa nini Deborah alichekwa na Diana akalaaniwa? Wote wawili waligusa kitu cha jirani. Tofauti ni kwamba Deborah alionyeshwa akikiri kosa lake na kuomba radhi pale pale, na waamuzi wakaonja wakijua krema ni ya nani. Watazamaji walipewa shauri zima, mwanzo na mwisho, basi mioyo yao ikatulia. Habari ya Diana walipewa nusu, na nusu ya pili waliijaza wenyewe.

Liko jambo moja bado. Mashindano haya hupigwa picha miezi kadhaa kabla ya kuonyeshwa, na washindani huapishwa kunyamaza. Usiku ule wa Agosti, watu walipokuwa wakipiga kelele Iain arudishwe, Nancy Birtwhistle alikuwa amekwisha kushinda zamani, ingawa nchi haikumwona akipokea maua yake mpaka tarehe 8 Oktoba. Hema lilikuwa limekwisha kukunjwa. Juma lililofuata lile la pipa, Diana hakuonekana mezani pake. Wako waliodhani amekimbia maneno yao, kumbe maneno yao hayakuwa yameandikwa bado. Alikuwa ameanguka na kuumia kichwa wakati wa mashindano, na baada ya kuanguka huko akapoteza uwezo wa kunusa na kuonja.