Chupa ya Pili

Ripoti ya CT-skani ikitaja mitoki iliyovimba katikati ya kifua cha mtu aliyemaliza kutibiwa saratani mwaka jana, wengi huishia hapo hapo kusoma. Imerudi. Ndugu huanza kuulizana nani atamsindikiza Dar es Salaam, na daktari hujaza fomu ya maabara kwa swali moja tu: je, ni saratani ileile? Maabara nayo hujibu swali ililoulizwa. Uchambuzi huu unahusu swali ambalo halikuulizwa, na mahali hasa linapopotelea.

Tuchukue mgonjwa wa mfano, mama anayelima mboga Mgeta, milimani Uluguru, mkoani Morogoro. Amekatwa titi, amepata kemo, amechomwa mionzi Ocean Road. Miezi minane baadaye anakohoa, nguo zinampwaya, usiku anatoka jasho mpaka anabadili kanga. Hizo ni dalili za saratani iliyosambaa. Ni dalili za TB pia, zote, bila kubakiza hata moja. Tanzania imekuwamo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, kwa hiyo kumshuku mama huyu kuwa na TB si ubishi wa kisomi. Ndiyo hesabu ya kwanza kupigwa.

Tena wakati wenyewe si wa bahati mbaya. Watu wengi hubeba vijidudu vya TB miaka nenda miaka rudi bila kuugua kwa sababu kinga ya mwili imevizingira. Kemo huishusha kinga hiyo, na deksamethasoni, dawa inayotolewa pamoja nayo kuzuia kutapika, huilegeza zaidi. Vijidudu vilivyolala vikipata nafasi huamka. (Asije mtu akaikimbia kemo kwa kusoma hapa: saratani isiyotibiwa huua, TB inatibika.)

Ulaya na Marekani, ugonjwa unaojulikana zaidi kwa kujifanya saratani iliyorudi ni sakoidosisi, uvimbe wa kinga ya mwili ambao hauletwi na kijidudu kinachojulikana. Madaktari wa huko wameandika mara nyingi juu ya watu waliopona saratani ya titi, ya korodani au limfoma, wakaonekana na mitoki kifuani, na kinyama cha kupimwa kilipokatwa saratani haikuwamo. Kwetu sakoidosisi ipo, lakini anayestahili kuhojiwa kwanza ni TB.

Je, mashine kubwa zaidi haziwezi kumaliza ubishi? Hospitali ya Aga Khan jijini Nairobi ilifunga mashine ya PET mwaka 2018, na wapo waliodhani kubahatisha kumekwisha. Kipimo hicho humpa mgonjwa sukari iliyofungwa florini-18, elementi yenye mionzi ambayo nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110, kisha mashine huonyesha sukari hiyo inaliwa wapi kwa wingi. Chembe za saratani zina uchu wa sukari. Chembe za kinga zinazopigana na TB nazo zina uchu uleule. Kwenye picha vyote viwili huwaka. Katika nchi yenye TB nyingi, doa linalowaka humwelekeza daktari pa kuchoma sindano, basi.

CT ina vidokezo vyake. Pafu lililovimba kwa sababu ya mionzi kwa kawaida hujitokeza mwezi wa kwanza hadi wa sita baada ya tiba, na mara nyingi kivuli chake kina mpaka ulionyooka unaofuata njia ya mionzi. Ugonjwa haujui rula. Mitoki iliyovimba sawasawa pande zote mbili hufanana na sakoidosisi. Mitoki ya TB, dawa ya kung'arisha picha ikichomwa, mara nyingi hung'aa ukingoni na kuwa giza katikati. Lakini hata hiyo ya mwisho haitoshi: mitoki ya saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa huweza kuoza katikati na kuonyesha sura hiyohiyo. Nimeona ripoti za picha zikisomwa kama hukumu ya mahakama. Mwandishi wa ripoti mwenyewe, ukimsoma vizuri, kaandika "yaweza kuwa".

Sasa tuingie chumba cha upasuaji mdogo, maana kosa hufanyika humo. Daktari anatoa kinyama. Muuguzi kashika chupa ya fomalini. Kinyama chote kinatumbukia ndani, kifuniko kinafungwa, jina linabandikwa. Katika dakika hiyo moja nusu ya majibu imeshapotea.

Fomalini ni nzuri kwa kazi yake. Huhifadhi umbo la chembe ili mtaalamu wa patholojia aweze kukata vipande vyembamba, avitie rangi na kuvisoma. Lakini pia huua vijidudu, na kijidudu kilichokufa hakioteshwi. Mtaalamu atatazama, hataona saratani, ataona granuloma, yaani mafungu ya chembe za kinga, pengine zenye kiini kilichooza kama jibini. Ataandika kwamba saratani haikuonekana, na hali hiyo ilinganishwe na historia ya mgonjwa. Ni jibu la haki, ila halimalizi. Granuloma huletwa na TB, na sakoidosisi, na fangasi, na hata mwili unaokasirishwa na saratani iliyo jirani.

Atajaribu kuitia sampuli rangi ya Ziehl-Neelsen, inayovifanya vijidudu vya TB vionekane vyekundu. Tatizo ni uchache. Kwenye makohozi, darubini inahitaji vijidudu kati ya 5,000 na 10,000 katika kila mililita ili ione kitu. Mitoki kwa kawaida haina idadi hiyo. GeneXpert, mashine ya kupima TB iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hunasa takriban 130 kwa mililita, na toleo lake la Ultra takriban 16. Hutoa jibu ndani ya saa mbili, na hueleza pia kama vijidudu vimekuwa sugu kwa rifampisini. Lakini inataka nyama ambayo haijaguswa na fomalini.

Dawa yake ni chupa ya pili. Kipande kimoja fomalini, cha pili maji ya chumvi yaleyale ya dripu, safi, kwenye chupa isiyo na vijidudu. Ya kwanza inakwenda patholojia, ya pili maabara ya TB, ikiwa kwenye baridi bila kugandishwa, na bila kulazwa dirishani hadi Jumatatu. Kinachohitajika zaidi ni mtu wa kukumbuka kabla kisu hakijashikwa.

Na Morogoro si mji mgeni kwenye habari hizi. Hapa, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ndipo shirika la APOPO linapofundisha panya buku kunusa TB. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa muda wa dakika 20 hivi, na zile anazozionyesha huthibitishwa maabara. Panya hao wamewapata wagonjwa wengi ambao darubini za vituo ziliwakosa. Ila panya hunusa makohozi, na mama wetu wa Mgeta mwenye mitoki kifuani huenda ana kikohozi kikavu. Akitoa makohozi, yapimwe siku hiyohiyo kabla ya safari yoyote. Asipotoa, hakuna njia ya mkato ya kukikwepa kinyama.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni baya vilevile: kumpa dawa za TB kwa kubahatisha ilhali saratani imerudi kweli. Miezi sita ya vidonge ni miezi sita ya saratani kukua. Magonjwa haya mawili pia huweza kukaa pamoja katika mtu mmoja, kwa hiyo chupa ya pili isije ikawa sababu ya kuitupa ya kwanza.

TB ikithibitishwa, kazi haijaisha. Rifampisini hulisukuma ini livunjevunje dawa nyingine haraka, na tamoksifeni wanayomeza wagonjwa wengi wa saratani ya titi hupungua sana kwenye damu. Mratibu wa TB wa wilaya na daktari wa saratani lazima wazungumze; mara nyingi kila mmoja ana faili lake. Jambo jingine: wiki za mwanzo za dawa mitoki huweza kuvimba zaidi kabla ya kunywea, kwa kuwa kinga imezinduka. Asiyejua hili hukimbilia CT nyingine na kutangaza saratani kwa mara ya pili.

Dawa za TB nchini ni bure. Wewe unayemsindikiza mgonjwa, ukisikia "imerudi", uliza kama kinyama kimechukuliwa. Ukiambiwa kitachukuliwa kesho, mwombe daktari leo: kipande kingine kisiingie kwenye fomalini, kipimwe TB.