Sanad ya Freemason

Waandishi wetu wengi huwaeleza Freemason kuwa wana kichwa kimoja. Tuitazame sanad. Wa Uingereza hudai baraza lao kuu lilianza London mwaka 1717. Nani kapokea kwa nani? Aliyesimulia ni James Anderson, mwaka 1738, miaka 21 baadaye. Kitabu chake cha 1723 hakikulitaja tukio hilo. Mwanafunzi wa Hadithi ataona pengo. Mwaka 1751 likazuka baraza jingine London hiyo hiyo, likajiita la Wakale na kuwaita wa kwanza Wapya (mdogo ajiita kaka!), wasipatane hadi 1813. Kichwa kimoja kiko wapi? Hukumu ya Majmaa ya Fiqhi ya Makka ya 1978 hatuigusi hapa. Lakini wanaowanasibisha na Nabii Suleiman (a.s.), ngano hiyo imo kwa Anderson huyo huyo.