Pengo au Mwanya? Mgonjwa na Tabibu Wake katika L'Écart ya V.Y. Mudimbe

V.Y. Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 katika mji wa Jadotville, ambao tangu 1966 unaitwa Likasi, na kufariki mwaka 2025, anajulikana zaidi kwa kazi zake za falsafa, hasa The Invention of Africa (1988). Riwaya yake ya tatu, L'Écart, iliyotolewa na Présence Africaine mwaka 1979, inastahili kusomwa upya, na hasa na wanafunzi wa Kiswahili.

Msuko wake si mgumu kuueleza. Ahmed Nara, mwanahistoria Mwafrika, anaandika tasnifu juu ya Wakuba. Kazi haiendi mbele, kwa kuwa hofu imemkaba. Anamwendea Daktari Sano, tabibu wa nafsi, ambaye dawa yake ni mazungumzo. Habari hizi zote zimo katika madaftari ya Nara mwenyewe, nayo yametanguliwa na maelezo yanayomwarifu msomaji kwamba mwenye madaftari amekwisha kufa.

Kuna usomaji uliozoeleka unaoichukua riwaya hii kuwa istiari: Nara ni Afrika, Paris ni Ulaya, na hofu yake ni umbali uliopo kati ya hizo mbili. Usomaji huo haukosi ukweli, lakini una gharama yake. Unamgeuza mgonjwa kuwa kielelezo, na kumsahau mtu mzima aliyekiri kwamba amelemewa, akaenda kutafuta msaada. Katika jamii nyingi zetu, ambamo mwanamume hutakiwa ayameze yake, hilo si jambo dogo.

Jina la riwaya lenyewe linaweza kutusaidia. Mfasiri wa Kiswahili atakayekutana na neno écart atalazimika kuchagua. Je, aseme pengo au mwanya? Pengo ni nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka. Palikuwa na kitu, nacho kimeondolewa. Mwanya ni nafasi ambayo mtu hukua nayo, na wengine huihesabu kuwa uzuri. Hofu ya Nara ikiwa ni pengo, tabibu ana la kuuliza: ni nini kilichoondolewa, lini, na nani? Ikiwa ni mwanya, basi kazi ya tabibu si kuuziba, bali kumfundisha mgonjwa kuishi nao bila kujichukia. Wanaosoma istiari peke yake wamekwisha kuamua kwamba ni pengo. Mudimbe hakuamua, na hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu chake.

Tabibu naye anastahili kuangaliwa. Mudimbe alisoma seminari na alikijua vizuri Kilatini, ambamo neno sano lina maana ya "naponya". Kejeli iko wazi: anayeitwa Naponya hakumponya mgonjwa wake. Lakini kosa ni la nani? Fani ya riwaya haituruhusu kutoa hukumu. Tunamsikia Sano kupitia kalamu ya Nara tu, na mtu aliyeshikwa na hofu si shahidi mkamilifu wa maneno ya anayemtibu. Kwa hiyo anayedai kwamba Mudimbe anayapinga matibabu ya aina hii anadai zaidi ya yale ambayo maandishi yanampa.

Ulinganisho na Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi unaonyesha jambo hilo. Kazimoto na Nara ni wasomi, wote wawili wanajisimulia kwa nafsi ya kwanza, na mauti ndiyo mwisho wao. Kazimoto, anayejiua, hana wa kumfungulia moyo kikamilifu isipokuwa msomaji. Nara alijaribu kumpata msikilizaji. Jaribio lililoshindwa si sawa na kutojaribu.

Swali linalobaki ni la lugha, nalo linaturudisha Likasi. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa makwao walirundikana katika stesheni ya mji huo wakingoja treni. Aliyekuwa mtoto siku zile sasa ni mtu mzima. Miaka kumi baadaye, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa hiari. Hayo ni mapengo, si istiari. Mmoja wa watu hao akitaka kumweleza tabibu yaliyomsibu, huenda asitumie neno wasiwasi, ambalo pwani limebeba mwangwi wa minong'ono ya Shetani na kwa hiyo humwelekeza mtu kwenye dua. Atasema: "Niko na mawazo mingi." Tabibu aliyesomea Kifaransa ataandika neno jingine katika faili. Umbali ulioko kati ya sentensi ile na neno lile ni écart kamili, ingawa hakuna aliyesafiri kwenda Paris.

Ndiyo maana kuifasiri riwaya hii kwa Kiswahili, pamoja na kukisikiliza kwa makini Kiswahili cha Katanga ambacho wengi hukidharau, si kazi ya kupamba maktaba. Matibabu ya mazungumzo hayana sindano wala kidonge. Chombo chake ni neno. Mgonjwa akikosa neno la kwake, atalazimika kuazima la tabibu, na ugonjwa utakaotibiwa hautakuwa wake.