Hesabu kutua si hesabu kukaribia

Ipo istilahi moja ya hisabati ambayo Kiswahili hakijaitendea haki: ile ambayo Waingereza huiita konvajensi. Ukimwomba mwanafunzi aitafsiri, huenda akakuambia 'muungano' au 'kukutana'. Hivi, ni nini hasa kinachokutana na nini?

Tuchukue mfano wa chombo cha angani kinachorudi duniani. Kinapoingia kwenye angahewa kwa kasi ya takriban kilomita 7.8 kwa sekunde, hewa iliyo mbele yake hubanwa na kuwa wimbi kali la mshtuko, ikapata joto la kuvunja hata molekuli za oksijeni. Ili kulikadiria joto hilo, wahandisi huigawa hewa katika visanduku vidogo vya gridi, kisha kompyuta hukisia na kurekebisha, duru baada ya duru. Katika mbinu tunazoweza kuziita fiche, thamani mpya za visanduku hutegemeana, kwa hivyo sharti zitafutwe kwa pamoja. Faida yake ni kupiga hatua ndefu za wakati, kupita kikomo kinachozibana mbinu wazi, ambacho Courant, Friedrichs na Lewy walikionyesha mwaka 1928. Tarakimu zikiacha kubadilika, kompyuta husimama. Hapo hakuna kilichokutana na chochote. Tarakimu zimetua tu, kama mashapo mtungini.

Sawa, lakini zimetua wapi? Mwaka 1988 Peery na Imlay walieleza kasoro ambayo wataalamu huiita kwa jina la maradhi: jipu. Wimbi la mshtuko, ambalo lingepaswa kuwa upinde laini mbele ya pua ya chombo, huota uvimbe usiokuwepo katika maumbile. Ajabu ni kwamba hesabu yaweza kutua kabisa juu ya jipu hilo! Mhandisi akiliamini, atakosea joto, na unene wa ngao ya chombo hutegemea joto hilo hilo.

Sasa basi, tunahitaji maneno mawili. 'Kutua' ni tarakimu kuacha kubadilika kutoka duru moja hadi nyingine. 'Kukaribia' ni jawabu kulisogelea suluhisho halisi la milinganyo kadiri visanduku vinavyozidi kuwa vidogo. Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili, kisha kikalibandika vivumishi ili lieleweke. Si lazima nasi tuurithi mkanganyiko huo. Anayetuambia kwamba hesabu yake imetua bado ana deni la swali la pili: je, imekaribia?