Nusu Siku Amani, na Dunia Nyingine Kabisa!

Kama unaishi Tanga, Muheza, Korogwe au hata Mombasa na hujawahi kupanda hifadhi ya Amani, ahirisha shughuli zako za Jumamosi ijayo. Nasema hivi matope hayajakauka kwenye viatu vyangu. Nilikuwa nikisikia sifa za Usambara Mashariki tangu zamani, na sasa nimezishuhudia, nasema sifa zenyewe zilipunguzwa!

Watu wetu wakitaja kupanda milima, fikra inakimbilia Kilimanjaro: wapagazi, mahema, siku kadhaa za baridi na gharama za kutisha. Hapa huhitaji lolote kati ya hayo. Unahitaji viatu vyenye meno, chupa ya maji, koti la mvua na saa tatu au nne za kutembea. Unaondoka Muheza, nchi ya machungwa na minazi, barabara ya vumbi inakufikisha geti la Zigi, kiasi cha mita 450 juu ya usawa wa bahari, na jasho la pwani bado liko shingoni. Ukiendelea kilomita kumi hivi za kona, unatokea Amani kwenyewe, karibu mita 900, na unatafuta sweta!

Katikati ya sehemu hizo mbili ni msitu, na jamani, ni msitu hasa. Vigogo vimenyooka hadi shingo inauma kuvitazama, na mizizi imesimama kama kuta za chumba. Kila jiwe limevaa kijani. Bahari ya Hindi iko kama kilomita 50 tu, na upepo wake ukifika hapa umejaa unyevu, unagota kwenye milima, unapanda, unapoa, unageuka mvua: karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Tena bahari hiyohiyo ndiyo iliyouokoa msitu. Enzi za barafu, sehemu kubwa za Afrika zilipokauka, unyevu wake uliendelea kuinywesha Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa. Ndiyo maana hapa unakanyaga kati ya mimea na viumbe ambavyo havipatikani kwingine duniani. Mwili ulinisisimka nilipolitambua hilo nikiwa nimesimama chini ya miti yenyewe.

Nianze na njia za Zigi, maana ndizo nyepesi zaidi na hata watoto wanaziweza. Pale getini kuna jengo la stesheni la enzi za Wajerumani, waliojenga reli ndogo kutoka Tengeni kuja kubeba mbao. Ukishaliona, shuka kwenye vijito. Huko, kwenye miamba yenye kivuli na maji yanayotona, linaota ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Utalipita usipoonyeshwa. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia, na leo linauzwa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani. Asili ya mamilioni ya maua hayo ni milima yetu hii, kwenye miamba yenye baridi kama hiyo! Nilipiga magoti kulitazama na sikutaka kuinuka. Na maji ya mto Zigi, unaopita hapa, ndiyo yanayotiririka hadi bwawa la Mabayani na kunywewa mjini Tanga. Mtu wa Tanga akifungua bomba, anakunywa msitu huu.

Lakini kama una nafasi ya njia moja tu, chagua kilima cha Mbomole. Ni mwendo mfupi kutoka kijijini Amani, mwinuko wa kupandisha pumzi bila kumkatisha mtu tamaa, na juu kabisa, takribani mita 1,000, miti inafunguka na unaona mashamba ya chai yaliyosukwa mabondeni huku ukungu ukipita chini ya miguu yako. Njiani mbega walikuwa wakiruka juu yetu na mikia yao myeupe, na hondohondo walipita kwa kishindo cha mabawa ambacho unakisikia kabla hujawaona. Kumbe hondohondo hao hueneza mbegu za mti mgeni, Maesopsis eminii, ulioletwa na wanadamu na ambao sasa unaisumbua miti ya asili ya msitu. Muulize mwongozaji akuonyeshe. Ukishaujua utauona kila mahali, na utaelewa kwa nini wahifadhi wana kazi kubwa.

Mwombe pia akutafutie chozi wa Amani, ndege mdogo wa kichwa cheusi kinachometa na tumbo jeupe, ambaye kwa upande wa Kenya anaishi msitu wa Arabuko-Sokoke.

Bustani ya mimea pale Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa utafiti wa kilimo, inastahili saa nzima. Kuna miti iliyokusanywa kutoka mabara mbalimbali, ikiwemo mikwinini iliyotoa dawa ya malaria. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1997. Ukipita karibu na mashamba ya wanakijiji utanusa iliki kabla ya kuiona.

Ya kuzingatia: kiingilio hulipwa getini, na mwongozaji ni wa lazima kwa maoni yangu, kwa sababu macho yake yanaona yale ambayo yako hayataona. Masika barabara na vijia huteleza vibaya, kwa hiyo Juni hadi Septemba kuna nafuu, ingawa mvua hapa haina mwezi wa kupumzika. Chomeka suruali ndani ya soksi, siafu hawana simile. Anza asubuhi mapema. Mwenye siku ya ziada aende Lushoto, Usambara Magharibi, asimame kwenye mwamba wa Irente aitazame nyika iliyotanda mbali chini yake. Ni pazuri mno, ila kwangu mimi Amani ndiyo imeshinda.

Tena sijaona yote! Usiku, kwa tochi, wanatafutwa vinyonga wenye pembe tatu waliolala matawini, na bundi wa Usambara huanza kuwinda. Kwa hiyo safari ijayo ninalala hukohuko.